Kuku Aliyetoka Mzima

Tulimzika Zakaria kwao Kiomboi, Jumamosi ya mvua, na aliyesoma wasifu wa marehemu alikuwa na haraka ya mtu anayeogopa kuloa. Alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaoa, akafungua duka la vipuri vya pikipiki, akaugua, Bwana akamchukua. Katikati ya kusoma na kuoa ilipita sentensi moja tu: mwaka 2013 alifundisha masomo ya sayansi wilayani Kasulu, kisha akaacha kazi kwa hiari yake. Mama mmoja aliyekuwa ameketi kando yangu kwenye benchi, shangazi wa marehemu, aliguna. "Hiari gani?" akaninong'oneza. "Serikali imekupa ajira, kijana wa sayansi, wewe unaiacha ukauze bolti? Huyu mtoto alirogwa huko Kigoma." Kati ya watu wote waliokuwa chini ya turubai lile, mimi peke yangu nilijua kwa nini Zakaria aliacha kufundisha, na neno alilolitumia yule mama lilinichoma kwa namna ambayo asingeweza kuijua. Nilikula wali wa msiba, nikapanda gari, na tangu nirudi nyumbani usingizi umekuwa wa kuvizia. Basi nauandika mwaka ule, labda utanitoka. Kijiji sitakitaja wala shule, maana wengi wanaoishi pale leo walikuwa watoto wakati huo, na watoto hawakuwa na kosa.

Nilifika Kasulu nikiwa na miaka ishirini na minne, shahada ya Kiswahili na Historia, na kanga mbili nyepesi za mtu wa Muheza. Kwetu mtu akisikia Kigoma anafikiria ziwa, dagaa na mawese. Dagaa na mawese nilivikuta. Ziwa liko mbali huko chini, na kule nilikopelekwa mimi, juu njia ya kwenda Munanila, ni vilima, migomba, na ukungu wa asubuhi unaokaa mpaka kipindi cha pili. Baridi yake mwezi wa sita na wa saba sijawahi kuisamehe. Nilipanga chumba kwa mjane mmoja, Bibi Tereza, aliyekuwa amevuka kutoka Burundi akiwa msichana mwenye mtoto mgongoni, akalima hapo maisha yake yote, akapewa na uraia uzeeni. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la ubao, na ukuta mwembamba uliokuwa unanipa rozari yake yote kila jioni, nitake nisitake. Asubuhi alikuwa ananisalimia kama wasalimiavyo Waha, anapiga makofi polepole huku ameinama kidogo, "Mwakeye, Madamu," nami niliyekuwa nimezoea kutupiwa shikamoo ya haraka haraka nilikuwa sijui mikono yangu niiweke wapi. Alinilisha ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, na sombe, kisamvu cha kwao, iliyotwangwa mpaka ikalainika kabisa. Ramadhani iliangukia kwenye baridi mwaka ule, na Bibi yule Mkatoliki wa kufa na kupona ndiye aliyekuwa ananipikia uji wa futari, anauweka karibu na moto na kukaa akiutazama mpaka jua lizame, kana kwamba anayefunga ni yeye.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kibanda cha kupikia, cha udongo, kilichoezekwa kwa nyasi, na ng'ambo ya uwanja chumba kipya cha matofali ya kuchoma, kimepigwa lipu ndani, ambacho ndicho kilikuwa fahari ya Bibi Tereza. Humo walipanga wasichana wawili wa kidato cha pili, Yusta na Devota, watoto wa Munanila. Shule haikuwa na bweni, kwa hiyo kila Jumapili walishuka na unga wao na maharage yao kichwani, wakajipikia wiki nzima. Baba yake Devota alikuwa mtu wa wasiwasi. Alipokuja kukagua chumba aliona upenyo kati ya ukuta na bati, akasema humo atapita popo, atapita baridi, na mhuni naye atachungulia. Bibi Tereza akamsikiliza. Akamwita fundi, upenyo ukazibwa kwa matofali na udongo, ukawekwa mlango wa mbao nzito, na yale matundu mawili ya hewa juu ya dirisha akayasokomeza matambara kwa mkono wake, amepanda juu ya kinu. Nilikuwepo, nilikishika kinu. Alishuka akipangusa viganja, akasema, "Sasa wanangu watalala kama watoto wa bwana shamba."

Shule ilikuwa na mwalimu mmoja wa sayansi, naye alikuwa Zakaria. Fizikia yeye, kemia yeye, baiolojia yeye, kidato cha kwanza mpaka cha nne, na mwalimu wa hisabati akiugua, hisabati pia. Maabara ilikuwa kuta nne zisizo na paa. Wanakijiji walikwisha kuchangia matofali, bati zikawa zinasubiriwa, na mbuzi wa jirani walikuwa wanajikinga upepo humo. Kwa hiyo vifaa vya Zakaria vilikuwa chupa za soda, mishumaa, puto, na maua mekundu aliyoyachemsha mpaka maji yake yakawa yanabadilika rangi yakikutana na limau au maji ya majivu. Siku akiingia darasani na mshumaa na glasi, mimi wa chumba cha pili nilikuwa nafunga kitabu changu tu, maana masikio ya watoto wangu yote yalikuwa ukutani. Lakini siku hizo zilikuwa chache. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili ulikuwa Novemba, tena kwa Kiingereza, na watoto wale hata Kiswahili walikuwa wamekikuta shuleni, nyumbani ni Kiha. Sayansi waliikariri kwa kuimba, hawakosei neno, na hawajui wanaimba nini. Zakaria aliliona hilo na lilimuuma. "Madam," alikuwa ananiambia kwenye chai ya saa nne, ana kipande cha muhogo wa kukaanga mkononi, "waulize hawa hatua za uchunguzi wa kisayansi, wanakumwagia zote. Tatizo, dhana, jaribio, hitimisho. Waambie sasa wachunguze kwa nini chai imepoa, wanakutazama." Wapo waliosema ni mchumba wangu. Hakuwa. Mimi nilikuwa nimeshaposwa Muheza, na yeye moyo wake ulikuwa kwenye kemia.

Devota alikuwa anakariri huku anasugua sufuria, na Bibi Tereza alipenda kumsikiliza, ingawa Kiingereza kwake kilikuwa sauti tu. Jioni moja alimuuliza, "Weye Devota, leo unaimba nini?" Devota akacheka. "Ni hewa, Bibi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ni sumu." "Yoo! Na inakaa wapi hiyo?" "Inakaa kwenye mtihani, Bibi." Tukacheka wote, hata Yusta aliyekuwa anapepeta maharage na ambaye kwa kawaida alikuwa mgumu wa kucheka. Nimeirudia jioni ile mara nyingi kichwani. Mtoto yule hakuwa anafanya mzaha. Hewa ya kaboni monoksidi, kwa jinsi alivyofundishwa na sisi sote tuliofundishwa kabla yake, ilikuwa inakaa kwenye mtihani, na mahali pengine popote hapakuwa pake.

Wiki ile ya mwisho wa Julai upepo ulivuma bila kupumzika na Yusta akashikwa na kikohozi. Kila nyumba kule juu ina desturi moja. Ukishapika chakula cha jioni, makaa yanayobaki unayafukia kwa majivu ili yasiishe haraka, unangoja moshi ukatike, kisha unaliingiza jiko ndani likae na watu. Bibi Tereza alikuwa amefanya hivyo miaka yote kwenye nyumba za udongo, ambazo chini ya paa zina upenyo wa mkono kuzunguka ukuta wote, na hakuna aliyewahi kudhurika. Wasichana wale walikuwa na jiko dogo la bati, makaa yake ni ya kukupasha vidole tu. Jioni ile Bibi alilijaza jiko lake kubwa la udongo, akalifukia vizuri, akalibeba kwa mikono miwili kuvuka uwanja. Nilimsikia mlangoni kwao. "Shikeni hili. Moshi umeisha, limeshatulia. Fungeni mlango, baridi isiingie." Na Yusta akajibu kwa kikohozi, "Asante, Bibi."

Asubuhi walikawia kutoka. Bibi alibisha, akabisha tena, akaniita. Alfajiri nilikuwa nimekula daku, nikaona mlango wao umefungwa kama siku zote, nikarudi kujilaza. Sadoki, jirani mwenye pikipiki, ndiye aliyeuvunja mlango ule kwa bega na teke, na fremu ikapasuka. Walikuwa wamelala kwenye kitanda kimoja wamejifunika blanketi moja, Yusta amemgeukia mwenzake, na hakuna kilichovurugika. Nilimshika Devota mguu, nikadhani ninashika sufuria iliyolala nje. Bibi Tereza alipiga yowe moja, "Bana banje!", wanangu, kisha hakupiga tena, akakaa chini mlangoni na watu wakawa wanamruka kuingia na kutoka. Zakaria alifika mbio kutoka shuleni. Alisimama katikati ya chumba, akaangalia dari, akaangalia matundu, akaliangalia jiko la udongo pale miguuni mwa kitanda, na nikaona ameelewa, kwa sababu alitoka nje akashika mti wa mpapai kwa mikono miwili.

Mganga wa hospitali alisema wamekosa hewa, polisi wakaandika wamekosa hewa, na watoto wakapelekwa Munanila kuzikwa. Karatasi ilikuwa imemaliza kazi yake. Lakini bombani, nilipokuwa nimepanga ndoo yangu, akina mama hawakuwa wameridhika, na hawakujali kama nasikia. "Kukosa hewa! Hewa ya Kasulu imeisha?" alisema mmoja. "Hakuna damu, hakuna alama, hawakutapika. Mtu anakufaje hivyo?" Mwingine akasema, "Jiko alipeleka nani? Kwa nini siku ile, na siku zote hakupeleka?" Na yule wa tatu, ambaye ndoo yake ilikuwa imejaa na maji yanamwagika, akauliza bila kumtazama yeyote, "Huyu alipovuka, alivuka na nini kwenye kikapu?" Hapo nikajua kwamba jambo limekwisha kuamuliwa mahali fulani na sasa linatafuta tu njia ya kupita.

Njia yenyewe ilikuwapo. Kijiji kikipatwa na wizi usio na mwizi, au vifo visivyoeleweka, watu wanapiga kura. Kila mkubwa anaandika jina la anayemshuku kwenye kikaratasi, asiyejua kuandika anaandikiwa, na jina likirudi mara nyingi mwenye jina anaondoka, la sivyo nyumba yake inaungua na hakuna atakayemjua aliyeichoma. Mtendaji wa kijiji alikuwa na maneno yake laini kuhusu jambo hilo. "Sisi hatuhukumu mtu, Madam. Tunapima maoni." Zakaria alikwenda kwa mwenyekiti, nami nikamfuata. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linalonitesa zaidi, maana ningekuwa na mtu mbaya wa kumchukia ningekuwa nimeshapona. Alitukaribisha viti, akatusikiliza mpaka mwisho, habari ya makaa, ya upenyo ulioziba, ya hewa isiyo na rangi wala harufu inayoingia kwenye damu ya mtu akiwa amelala. Kisha akajikuna shingo. "Mwalimu, unaniambia kuna kitu hakionekani, hakinuki, kinaingia ndani mlango umefungwa, kinaua watu wamelala, asubuhi hakuna alama. Mimi nikiulizwa uchawi ni nini, nitajibu hayohayo." Zakaria akasema uchawi hauwezi kuonyeshwa, ila hii anaweza kuionyesha. "Basi tuonyeshe," akasema mwenyekiti. "Mimi nami sitaki mtu afukuzwe bure. Ukituonyesha kwa macho, kura haitapigwa. Nakupa neno langu."

Siku zile kabla ya mkutano Zakaria hakula. Alikuwa anakaa kwenye kigoda jikoni kwa Bibi Tereza, sahani imepoa magotini, anaongea na mimi na haongei na mimi. "Nilifundisha uunguaji usiokamilika," alisema. "Nilichora mchoro, mishale, kila kitu. Nilipata nafasi ya kusema neno moja tu, jiko. Sikulisema, Madam. Halimo kwenye silabasi." Bibi Tereza aliendelea kupika kama vile ana wageni wa kudumu, na watu wa kijiji waliokuwa wakipita njia ya mkato uwanjani kwake walianza kuzunguka kwa chini, kwenye tope.

Mkutano ulikuwa uwanjani hapohapo. Zakaria alinunua jogoo, akamfunga mguu kwenye kitanda cha wale watoto, akaingiza jiko lilelile la udongo limefukiwa majivu, akafunga. Mlango ulikuwa umerudishwa kwa waya, na fremu ina ufa unaopitisha vidole viwili, kwa hiyo aliuziba kwa blanketi yake na yangu. Matambara ya kwenye matundu yalikuwa yamechomolewa siku ya msiba na hayakuonekana tena, akayasokomeza magunia. Upepo ulikuwa bado unavuma. Alisimama mbele ya watu wote, akaeleza kwa Kiswahili kizuri kuliko siku zote nilizomsikia, na watu walikuwa wanamfuata, naapa, niliona wazee wanatikisa kichwa kukubali. Ndipo Sadoki akanyoosha mkono. Alitaka kujua tutajuaje kwamba mwalimu hajamwekea kuku sumu. Watu wakaguna, ni kweli. Mtendaji akasema mlango ufunguliwe, wajumbe wakague. Zakaria angeweza kukataa. Lakini alikuwa mtu wa kuamini kwamba jaribio lisiloshuhudiwa si jaribio, akafungua. Wakaingia, wakageuza godoro, wakamkagua kuku mdomo, wakatoka. Baadaye kidogo mzee mmoja akasema yeye hakuona vizuri mara ya kwanza. Mlango ukafunguliwa tena. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na Bibi Tereza, na kila mlango ulipofunguliwa niliona sketi yangu inapeperuka kuelekea ndani.

Jua lilipofika utosini mwenyekiti alisema inatosha. Zakaria akaingia. Akakaa ndani kitambo. Akatoka amembeba jogoo kifuani, akamweka chini, na jogoo akajikung'uta, akapepesuka hatua mbili, akainua kichwa na kuanza kudonoa punje za mahindi miguuni mwa mwenyekiti. Kulikuwa na kicheko kifupi. Zakaria alikuwa anasema upesi upesi, jaribio moja halitoshi, hali haikuwa ileile, mlango, upepo, turudie, nitaziba kwa udongo, turudie kesho. Sadoki hakuwa na ubaya usoni, alikuwa amechoka tu kama sote. "Mwalimu," akasema, "jiko ni lile, chumba ni kile, kitanda ni kile. Watoto wamekufa, kuku mzima. Hewa inayochagua wa kumuua, sisi tuna jina lake." Na mwenyekiti akasema kwa huzuni, "Tumeona kwa macho, mwalimu. Ni wewe uliyetaka tuone kwa macho."

Vikaratasi vilichanwa kwenye madaftari ya shule. Mtendaji aliniita nikae naye mezani kama shahidi, kwa kuwa mimi ni mgeni, sina ndugu wala shamba pale. Akawa anafungua kimoja kimoja, anasoma, ananionyesha. Na wazee waliokuwa hawajui kuandika walikuwa wameandikiwa na watoto wao, na watoto wao ni wanafunzi wangu. Miaka hii yote watu wakiniuliza kwa nini siku hizi sipendi kusahihisha insha, nawaambia macho. Nilizijua zile hati. Nilimjua anayekata herufi ya t chini mno, na anayeandika kwa kulalia kushoto, na msichana mmoja niliyekuwa nimemgombeza muhula mzima kuhusu herufi kubwa mwanzoni mwa majina, na sasa alikuwa ameziweka zote mbili mahali pake, Bibi Tereza. Walikuwa watoto walewale wa kidato cha pili waliokuwa wanaimba sifa za ile hewa bila kukosea neno. Kimoja tu kilikuwa tofauti. Kilikuwa kimeandikwa neno moja, jiko. Mtendaji alikigeuza huku na huku, akaniuliza kuna mtu anaitwa hivyo, kisha akakiweka kando pamoja na kura zilizoharibika. Nilitamani kumjua aliyekiandika. Kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za kuchapa, mwandishi alikuwa ameogopa.

Walimpa Bibi Tereza siku chache za kujiandaa, kwa usalama wake, wakasema. Alikuwa na mtoto wa dada yake Kibondo, anayeuza nguo za mitumba, akakubali kumpokea. Asubuhi ya kuondoka tulimsindikiza mimi na Zakaria mpaka barabarani, kila mmoja amebeba kitu: godoro, jembe, sufuria mbili zilizofungwa kwenye kitenge, na Bikira Maria wa plasta amezungushiwa sweta. Wanafunzi walikuwa wanapita kwenda shule. "Shikamoo Madam, shikamoo Mwalimu," walisema, wakamruka Bibi aliyekuwa katikati yetu, wale watoto ambao mwezi mmoja nyuma walikuwa wanakuja kwake kuomba maji ya kunywa. Hakuonyesha kuumia. Tangu siku ya mkutano alikuwa na utulivu ambao sikuuelewa, nikaudhani ni wa uzee, au wa rozari.

Tulikaa juu ya godoro kungoja basi. Bibi alimgeukia Zakaria. "Mwalimu, nikuulize kitu?"

"Niulize, Bibi."

"Kuku yule. Kwa nini alitoka mzima?"

Uso wa Zakaria ulifunguka. Tangu siku ile hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza swali, walikuwa wanampa pole tu kama mtu aliyefilisika. Alichuchumaa, akaokota kijiti, akachora chumba kwenye vumbi, mlango, dirisha, matundu. "Mlango ulikuwa umevunjwa, Bibi. Hapa pana ufa, hewa safi inaingia. Na hapa juu, magunia hayabani kama matambara yale. Tena waliufungua mara mbili. Siku ile ya watoto mlango ulikuwa mzima, huku juu pameziba, hapa pameziba. Makaa yakikosa hewa ya kutosha yanatoa ile sumu, nayo haina pa kutokea. Moshi umeisha, kwa hiyo mtu anadhani jiko limetulia."

"Hata likifukiwa majivu?"

"Hasa likifukiwa majivu. Linaungua polepole, linatoa kidogo kidogo muda mrefu."

"Na kama nisingeziba huku juu?"

"Ingetokea hapo. Wangeamka na kichwa kinauma, lakini wangeamka."

Niliona kabla yeye hajaona. Nilimgusa bega, akadhani namwonyesha basi, akatazama barabarani, akaendelea kuchora mshale wa hewa inavyozunguka. Bibi Tereza alikuwa ameinama juu ya mchoro ule, anaufuata kwa kidole bila kuugusa, kutoka kwenye jiko mpaka kitandani, kutoka kitandani mpaka kwenye matundu, akarudi tena. Mwaka mzima Zakaria hakuwa amepata mwanafunzi aliyemfuata namna ile.

"Kuku alipotoka mzima mimi nilifurahi," akasema. "Watu wamekasirika, mimi nasema moyoni, Mana yanje, urakoze, asante Mungu wangu, kumbe si jiko langu. Wakaniita mchawi, nikasema na waniite. Mimi najua sikuwaroga bana banje. Mungu anajua. Nilikuwa nalala." Akainua macho, akamtazama Zakaria bila hasira hata kidogo. "Sasa weye unaniambia niliwapelekea kwa mikono yangu."

Kijiti kilisimama. "Bibi, hukujua," akasema Zakaria. "Hukujua, Bibi. Ni sisi tuliojua."

"Ego, ndiyo, sikujua," akasema. "Lakini nilipeleka. Na huku juu niliziba."

Basi la Kibondo lilikuja limejaa vumbi. Kondakta alirusha godoro juu, nikampandisha Bibi, nikampa sufuria zake na sanamu yake dirishani. Alizipokea. Hakupiga makofi ya kuaga, mikono yake ilikuwa imeshika Bikira Maria, na macho yake yalikuwa bado pale chini kwenye vumbi. Basi likaondoka. Zakaria alikuwa bado amechuchumaa, anaufuta mchoro kwa kiganja, akaendelea kufuta mahali ambapo hapakuwa na kitu tena. Kengele ya shule ililia huko juu. Nikamwambia twende, kidato cha pili wanakusubiri, una vipindi viwili mfululizo.

"Nenda tu, Madam," akasema.